Ingiza Kichwa, Uone

Watu wengi wakubwa nimewaona wakiinama mbele ya Mama Labo. Nimemwona padri akiinama, nimemwona daktari mgeni aliyefika Goma wiki hiyo hiyo, nimemwona koloneli mmoja wa kambi ya Katindo akivua bereti na kuishika mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Wote waliinamia kartoni la maziwa ya unga. Kartoni hilo lilikaa juu ya meza yake, limepakwa rangi nyeusi kwa ndani, na upande mmoja lilikuwa na tundu la kutosha kichwa, limefunikwa kwa kipande cha pazia kuukuu. Ndani yake kulikuwa na taa ndogo yenye mwanga wa zambarau.

"Ingiza kichwa, uone," alikuwa akisema, na hakujali kama kichwa hicho kimevaa bereti, kofia ya padri au mtandio kama wangu.

Ukiingiza, macho yalihitaji muda kidogo kuzoea. Kisha ungeona kibao chembamba kisichozidi kidole, kimepakwa unga mweupe, na juu yake madoa, mengine meusi, mengine yaking'aa. Alikuuliza unaona nini, nawe ulipaswa kujibu ulichokiona, si ulichotaka kukiona. Koloneli alijibu kwamba anaona kila kitu kiko sawa. Mama Labo akamwambia, kwa heshima zote, arudishe kichwa.

Alifanya kazi ya kupima dawa. Labo yake, yaani maabara, ilikuwa vyumba viwili huko Himbi, nyuma ya ghala la dawa, na dirisha lake lilitazama ziwa. Mimi nina farmasi ndogo Katindo, mimi na mume wangu. Baba yangu alikuja Goma kutoka Kasongo akiuza vitambaa, akakaa, nasi watoto wake tukabaki na biashara mikononi. Mara ya kwanza nilimpelekea Mama Labo sirapu ya kikohozi iliyonitia shaka. Ilikuwa nzuri, haikuwa na neno. Nilirudi mara ya pili kwa shaka nyingine, na mara ya tatu, nakiri, nilirudi kwa sababu ya kicheko chake tu. Kilikuwa kicheko kikubwa mno kwa mwanamke mwembamba kama yule. Walinzi wa nyumba za jirani walikijua, na wakikisikia walicheka nao bila kujua habari yenyewe.

Kazi yake alinieleza kwa mambo ya jikoni. Unasaga kidonge, unakimumunyisha ndani ya spiriti, unachuja. Kwa kijiti cha kioo chembamba kama unywele unachota tone, unaliweka upande wa chini wa kibao. Kando yake unaweka tone la dawa ya kweli, ile unayoijua vizuri. Halafu unasimamisha kibao ndani ya chupa yenye maji maji kidogo chini yake, unafunika. Chupa yake ilikuwa ya mayonezi, ile kubwa ya hoteli. Maji yale yanapanda yenyewe ndani ya unga, kama chai inavyopanda ndani ya mkate ukiuchovya ncha tu, na yanapopanda yanabeba kilichomo kwenye tone. Kinachopenda unga kinabaki nyuma. Kinachopenda maji kinakwenda mbali. Kama matone mawili ni kitu kimoja, yatafika mahali pamoja.

Neno la Kifaransa la kazi hiyo ni refu, na wataalamu waliomtembelea walilitamka lote. Yeye aliita mbio. "Leo tuko na mbio mbili," aliniambia nikifika, na tuliketi mbele ya chupa ya mayonezi kama watu walioketi kiwanjani. Alikuwa na tabia ya kulihimiza doa. Alilisemesha kwa Kinyarwanda cha Rutshuru, akalisifu, akalitukana kidogo likichelewa. Nilimuuliza kama inasaidia. Alisema haisaidii doa, inamsaidia yeye.

Jambo la ajabu ni kwamba uvumilivu wake wote uliishia kwenye ile chupa. Nje ya labo hakuweza kungojea kitu. Akipanda moto, pikipiki ya abiria, alimgonga dereva begani tokea wanawasha injini. Maharagwe kwake hayakuiva hata siku moja, aliyapakua yakiwa bado yanagonga sahani, na sombe lake la majani ya muhogo nililila mara moja tu kwa adabu, kisha nikajifunza kufika nikiwa nimeshiba. Lakini mbele ya kibao angekaa nusu saa mikono mapajani, bila kusogea, na kama ulitaka kufungua kifuniko uchungulie, alikushika mkono.

"Ukifungua, hewa inaingia, na mbio inaharibika," alisema. "Acha ikimbie."

Alinukia dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mojawapo ya maji aliyotumia kwa mbio yalikuwa na harufu hiyo hiyo, yakashika nywele zake, mkoba wake, hata kitabu chake cha nyimbo. Wanawake wa kwaya walidhani anajiremba kwa siri. Kucha zake zenyewe zilikuwa fupi, za manjano, na pete ya ndoa aliivaa shingoni kwa uzi ili isiguse kazi.

Kitu kingine kilichomtambulisha ni kalamu ya risasi. Kwenye kile kibao huwezi kuandika kwa bic, kwa sababu wino nao unaanza kupanda na maji, unatoka bluu na nyekundu na kuchafua yote. Kwa hiyo mstari wa kuanzia mbio anauchora kwa risasi, nayo haiendi popote. Kwa miaka mingi ya kazi hiyo mkono wake ulisahau kalamu nyingine. Aliandika kwa risasi barua za kanisa, kadi za arusi, na karatasi za benki ambazo zilimrudia kila mara. Karani wa benki alimweleza kwamba risasi inafutika. Yeye akamweleza karani kwamba bic inasafiri, na kama angependa aone, alikuwa na karatasi ya chujio mkobani. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Alichora nukta kwa bic nyeusi ya yule karani, akachovya karatasi kwenye kikombe cha spiriti aliyotembea nayo ndani ya chupa ya dawa ya macho, na nukta ikaanza kupasuka: zambarau ikatangulia, bluu ikafuata, nyuma yake kitu kama waridi. Karani aliita wenzake waone. Hata hivyo alimpa kalamu asaini upya.

Mchezo huo aliufanya popote. Kwenye arusi ya binti yangu Asha aliufanya kwa karatasi ya kufutia mikono, na meza nzima ya wazee wa Kasongo, watu wasiocheka ovyo, ilianza kutoa kalamu mifukoni ipimiwe. Kila mmoja alitaka nyeusi yake iwe na rangi nyingi kuliko ya jirani.

Alisafisha maji pia. Mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano kabla ya kufika kwenye bati, na yale ya ziwa yana chumvi zake, kwa hiyo maji ya labo aliyapika mwenyewe: sufuria ya presha juu ya jiko la makala, yaani makaa ya miti, mrija wa shaba ukipita ndani ya beseni la maji baridi, na mwishoni tone, tone, tone ndani ya bidoni la plastiki. Madereva wa Himbi waligundua kwamba maji yale ni mazuri kwa betri za magari. Wakawa wanamletea makala, naye anawajazia chupa. Nilimwambia siku moja kwamba sasa ana maji safi kuliko watu wote wa Goma.

"Safi ni neno la mutu mwenye hajapima," alinijibu.

Hilo alilitumia kwa kila jambo. Ukimuuliza kama fulani ni mtu mwema, alisema hajampima. Ukimsifia mchele wa sokoni, alitaka kujua nani kaupima. Na bado yeye mwenyewe, mwanamke aliyeishi kwa ajili ya vidonge vya watu wengine, hakukubali kumeza kimoja. Akishikwa na homa alijifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, akanywa limau, akaugulia humo humo. Nilimletea mwenyewe vidonge vya kichwa, kutoka katoni aliyoipima kwa mkono wake na kuisifu. Aliviweka juu ya kabati vikae vizuri. Alisema anaviamini kabisa, ila koo lake halina elimu.

Nimeeleza mambo ya kucheka kwa sababu ndiyo mengi. Lakini niliwahi kumwona akifanya jambo ambalo sijui kama mimi ningeliweza.

Ilikuwa msimu wa mvua. Nilikuwa labo asubuhi na dawa zangu, akafika muganga wa kituo kimoja cha afya cha upande wa Lac Vert. Kwetu nesi tunamwita muganga, na huyu alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, amelowa kutoka kwenye moto. Alitoa begini maboksi ya kwinini. Alieleza kwamba watoto wa malaria wanaitumia na homa haishuki. Kwanza aliwashuku akina mama, labda wanasahau dozi. Akaanza kuwapa watoto vidonge kwa mkono wake mwenyewe na kuwatazama wakimeza. Homa ikabaki pale pale, na damu ilionyesha malaria kama siku ya kwanza.

"Nimeilamba, Mama," alisema. "Iko chungu. Kwinini kabisa."

Mama Labo alilamba naye, akakunja uso. Ilikuwa chungu kweli. Nikalamba na mimi. Kwetu Kivu tunaijua kwinini kwa ulimi tangu utoto, miti yake inapandwa hapa hapa, na hakuna mtu asiyeutambua uchungu ule. Akasaga, akachuja, akaweka tone la kidonge kushoto na tone la kwinini ya kweli kulia. Tuliketi. Siku hiyo alilihimiza doa kama kawaida, akamchekesha yule kijana.

Akaingiza kichwa ndani ya kartoni, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniita nione. Upande wa kulia kwinini ilikuwa inawaka bluu, bluu ya moto wa gesi. Upande wa kushoto, mahali pale pale palipopaswa kuwaka, palikuwa patupu. Chini yake kulikuwa na doa jingine, hafifu, lililopauka.

Alirudia na kidonge cha boksi jingine. Ikawa vile vile. Akafungua kabati, akatoa kichupa, akafanya mbio ya tatu, na mara hii yale madoa mawili yalisimama pamoja kama mapacha.

"Ni klorokini," alisema.

Ni dawa ya zamani. Wazazi wetu iliwaponya, lakini malaria ya huku imekwisha kuizoea. Nayo ni chungu. Mtu fulani, mahali fulani, aliijua habari ya ndimi zetu, akachukua dawa iliyokufa akaipa jina la iliyo hai. Mama Labo alimuuliza muganga aliinunua wapi. Kijana akataja ghala la Birere, na nikaona mikono ya rafiki yangu ikisimama juu ya meza.

Lilikuwa ghala la dada yake mkubwa.

Sote tulimwita Yaya, na kwetu yaya si mlezi wa watoto bali ndugu mkubwa, ingawa huyu alikuwa yote mawili. Ndiye aliyemlea Mama Labo. Aliuza bikwembe, vile vitenge, sokoni, kisha dawa, ili mdogo wake asome kemia hadi mwisho, na katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyejivunia mwenzake kama Yaya alivyojivunia mdogo wake. Wateja wapya aliwaambia habari za labo kabla hawajauliza bei.

Mama Labo aliuliza kwanza habari za watoto. Muganga akasema wengi wangepona wakipata kwinini ya kweli leo. Mmoja walikuwa wamemzika. Alikuwa mvulana, ameanza tu kutembea.

Alikwenda kwenye ghala la mbele ya labo akamtafutia kijana kwinini yote iliyokuwapo, nami nikampigia mume wangu aongeze ya kwetu. Muganga alipoondoka, alivua bluzi yake nyeupe, lile koti la labo, akafunga kibao ndani ya kitambaa pamoja na taa, akaniomba nimsindikize Birere. Tulipanda moto mbili. Safari hiyo hakumgonga dereva begani.

Yaya alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, amekaa katikati ya maboksi yake kama malkia. Alifurahi kutuona. Akatupeleka chumba cha nyuma, akaagiza soda. Mama Labo alimweleza yote kwa Kinyarwanda, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi. Akaandaa taa chini ya kitambaa. Yaya hakuinama. Alisema aliyemuuzia ni mtu wa kuaminika, mtu wa sala. Alisema dawa ni chungu, yeyote anaweza kuilamba.

"Yaya, ingiza kichwa tu, uone."

"Nilikusomesha ju uniingize kichwa mu kitambaa mbele ya bantu?"

"Hapa hakuna bantu. Kuko Mama Asha."

"Toka na taa yako."

Mama Labo alikunja kitambaa. Nilitarajia atalia au atapaza sauti. Alisema tu, na maneno yake nayakumbuka yote: "Kesho asubuhi nitaambia vituo vyote basiitumie. Leo nimekuya kwako kwanza ju weye ni yaya wangu. Sikutaka uisikie mu kinywa cha mutu mwingine."

Yaya alifungua mlango na kutazama ukutani mpaka tukatoka.

Nje, kati ya chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba viazi, alilia waziwazi kama mtoto. Watu walipita pembeni. Kisha alipangusa uso kwa kikwembe chake akaniuliza kama nilimsikia muganga akisema nyumba ya yule mtoto iko wapi. Nikajua tunakwenda Lac Vert.

Nimekaa kwenye vilio vingi. Kile sijakisahau. Mama wa mtoto alikuwa kwenye mkeka, bado msichana, na wanawake waliotuzunguka walituambia kwa minong'ono kwamba hali chakula, anasema yeye ndiye aliyemwua mtoto, labda alikosea dozi, labda alimpa vidonge tumbo likiwa tupu. Mama Labo alikaa chini mbele yake, akajitambulisha, akasema kazi yake.

"Ulimupa dawa vile bakuambia," alimwambia. "Nimeipima leo. Ni dawa ndiyo ilidanganya. Si weye."

Yule mama alimtazama kwa muda. Akauliza dawa imetoka wapi. Ningekuwa mimi ningesema imetoka mbali, na nisingekuwa mwongo sana. Mama Labo alisema, "Ilipitia mu depo ya dada yangu."

Nilianza kutafuta viatu vyangu kwa macho. Lakini yule mama alisogea pembeni, akaacha nafasi, na Mama Labo akahamia pale kando yake. Tulikaa mpaka jioni. Kabla hatujaondoka, yule mama alikunywa uji.

Kesho yake vituo vyote vilijua. Watoto wa kituo kile walipata dawa ya kweli wakaanza kupona, mmoja baada ya mwingine, na muganga alikuwa akimpigia Mama Labo kila mara kumtajia aliyerudi nyumbani. Maboksi ya Birere, Yaya aliyatoa yote nje, yakachomwa. Muuzaji wake alikwisha kuvuka mpaka kwenda kusikojulikana. Lakini kwa mdogo wake Yaya hakurudi. Alihamia misa ya pili ili wasikutane kwenye ile ya kwanza, na wakipishana barabarani alikuwa na jambo la kutafuta ndani ya mkoba.

Mama Labo hakumfuata kwa maneno. Kila Ijumaa alikaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, kitu pekee alichokipika mpaka kikaiva, akazipeleka kwa Yaya kwenye sahani iliyofunikwa. Sahani ilirudi imeoshwa, bila salamu. Nilimsikitikia. Yeye alifurahi, akanionyesha ile sahani kama cheti.

"Anakula," alisema. "Mutu mwenye anakula samaki yangu hajanichukia."

Sambaza zilikwenda mvua nzima na kiangazi kizima. Siku moja nilikuwa labo, mvua inapiga bati, mlango ukafunguliwa na Yaya akaingia, amelowa hadi kilemba. Alikuwa na kopo mkononi. Hakusalimu. Aliweka kopo mezani akasema kuna mtu anamletea kwinini mpya, na huu ni mfano wake, uangaliwe kabla hajanunua.

"Kaa," Mama Labo alimwambia. "Inachukua nusu saa."

Wakaketi mbele ya chupa ya mayonezi. Mimi nilijifanya nasoma maandishi ya maboksi. Kisha Yaya akauliza maji yale yanapandaje bila mtu kuyasukuma. Mdogo wake akamweleza habari ya chai na mkate. Kisha Yaya akasema sambaza za Ijumaa iliyopita zilikuwa na chumvi nyingi. Mama Labo akasema chumvi ni ile ile. Wakaanza kubishana, na niliwaacha wabishane, moyo wangu ukicheka.

Kibao kilipokauka, Yaya aliinama mwenyewe, akaingiza kichwa. Alikaa ndani ya kartoni muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na tuliona mabega yake yakitikisika. Hatukumharakisha. Alipotoka alijipangusa macho.

"Hiyo bluu," alisema, "iko nzuri."

"Ndiyo kwinini, Yaya."

Nilisikia baadaye kwamba wiki hiyo hiyo Yaya alikwenda Lac Vert peke yake, kwenye ile nyumba ya kilio. Walizungumza nini hatukumuuliza, wala hakutuambia. Tangu hapo wauzaji wa dawa wakawa wanamwogopa. Hakuna boksi lililoingia ghalani mwake kabla ya mfano wake kupita Himbi, na alipobishiwa kwamba dawa ni ya kuaminika, alimwambia mwenye kubisha kwamba naye aliwahi kuwa mjinga wa namna hiyo hiyo.

Mama Labo aliacha kazi kwa hiari yake, na nilikuwepo. Alikuwa ameniita nitazame kibao, kama alivyofanya mara nyingi, kwa mchezo tu. Nikamwambia naona doa kubwa, na juu yake jingine dogo, hafifu. Aliniuliza lipi dogo. Nikamwonyesha. Akaingiza kichwa tena, akatoka, akapangusa miwani kwa bluzi, akaingiza tena. Lile doa dogo lilikuwa uchafu ndani ya dawa. Yeye alikuwa ameliona moja tu.

Aliketi kitini.

"Mama Asha, weye unaliona na miye silioni," alisema mwishowe. "Basi kazi haiko tena yangu."

Kesho yake alimwambia mkuu wake. Walimwomba abaki, apewe cheo cha kushauri. Alikaa tu hadi wasichana wawili waliosomea famasia walipoijua kazi vizuri, akawaachia meza. Sherehe ya kumuaga ilikuwa na hotuba ndefu, na aliikatiza katikati kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, kwa macho yote mawili. Unatibika, yeye alijua hivyo kuliko sisi, lakini kisu alikiogopa kama alivyoogopa vidonge. Alihamia kwa binti yake karibu na Lac Vert, akaanza kuwatambua watu kwa sauti. Nilipokuwa nikimtembelea, wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi getini. Nilipofika kwenye kona niligeuka na kumpungia, na yeye alikuwa amesimama akitabasamu, ametazama upande mwingine kabisa. Miaka ilikwenda hivyo, mpaka Yaya, mzee mwenyewe, akitembea kwa fimbo, alipochoka kubembeleza. Alimpandisha garini akimwambia wanakwenda kwenye misa ya marehemu, akamshusha kwa daktari wa macho.

Nilikwenda kumwona baada ya bandeji kutolewa. Nilikaanga sambusa, nikapanda moto hadi Lac Vert. Niliwakuta wawili hao wamekaa nje, mgongo kwenye ukuta wa mawe meusi, Yaya akichambua maharagwe. Mama Labo alisimama. Alinijia taratibu, akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia na kushoto kwenye mwanga.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema, "na hakuna mutu aliniambia."

"Na weye pia," nikamjibu.

"Miye nimejiona mu kioo. Nilikasirika siku mbili."

Akacheka, kile kicheko chake chote, na dereva wa moto aliyekuwa anasubiri barabarani akaanza kucheka naye. Mchana ule hakukubali kukaa. Alitaka kuona watu. Tulisimama getini, yeye katikati yetu, na kila aliyepita alimwita kwa jina, maana sauti zote alizijua, ila nyuso zilikuwa mpya kwake. Mwuza makala aliambiwa kwamba kwa sauti ile alidhaniwa kuwa mtu mrefu. Mwuza maziwa, ambaye kwa miaka miwili alimheshimu kama muzee, alikutwa ni kijana asiye na ndevu, na Mama Labo akamtaka amrudishie heshima zote. Yaya alimwambia aache kuwasumbua watu. Hakuacha. Sambusa zilikwisha tukiwa tumesimama pale pale.

Jua lilipoanza kushuka niliwaaga. Nilipanda moto, na dereva akaondoka polepole kwa sababu ya mawe. Kwenye kona niligeuka, kama ilivyokuwa desturi yangu, nikainua mkono. Walikuwa wamesimama wote wawili getini, na kabla mkono wangu haujafika juu, wa Mama Labo ulikuwa tayari unanipungia.